Puti Kwenye Viatu vya Harusi

Kuna watu waliojaliwa sauti ya kuimba, na kuna waliojaliwa mkono wa kupika. Fundi rangi wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Msasa, alijaliwa kuona kinyaa. Na kwa kipaji hicho hakuwa na mpinzani, msimchezee. Akiingia nyumba ya watu, hata salamu hajaitikia, macho yameshapanda ukutani: alama za vidole kando ya swichi, mstari wa mafuta ya nywele juu ya kochi, rangi ya bafuni iliyovimba kama tumbo la chura. Midomo inaanza kupinda taratibu.

"Aliyepaka hapa," anauliza, "alitumia brashi au mkia wa punda?"

Mwenye nyumba akicheka, imekula kwake. Msasa hakuwa anatania.

Kazini alibeba kikombe chake mwenyewe, kimefungwa ndani ya mifuko miwili. Mkono wake hakupi, anakupa kiwiko. Mtu akipiga chafya karibu na chakula, Msasa anainuka na hali tena mpaka kesho yake. Vibarua wenzake walilijua hilo, washenzi wale, wakawa wanapiga chafya za uongo kila mchana, kisha wanagawana sahani yake huku wanamwombea afya njema.

Binadamu mmoja tu duniani hakuwahi kumtia kinyaa: marehemu mkewe, fundi cherehani. Huyo walikula sahani moja, wakanywea kikombe kimoja, na akiacha kipande cha mkate chenye alama ya meno, Msasa anakimalizia bila hata kukigeuza. Mama yule alipofariki, Msasa alirudi kwenye kikombe chake cha mifuko miwili, na kinyaa chake kikazidi kuliko zamani.

Mkewe alimwachia binti mmoja, muuza dawa, msichana mpole ambaye upole wake una mwisho. Wiki ya harusi yake, binti akaingia chumbani kwa baba yake na boksi la kadibodi lililochakaa, akaliweka mezani juu ya gazeti, kwa sababu anamjua mzee wake.

"Baba, nitavaa viatu vya mama."

Msasa akafungua kifuniko kwa ncha ya kalamu. Mle ndani vililala viatu vya visigino vifupi, vilivyokuwa vyeupe enzi hizo. Sasa vilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Ngozi imejikunja pale vidole vinapokunjia, uzi umeachia ubavuni, na ndani, ile soli laini inayolaliwa na mguu ilikuwa nyeusi ti, imedidimia vishimo. Harufu nayo ikatoka kuwasalimia: kabati, vumbi, na mguu. Hata mguu wa kipenzi ni mguu.

"Si ununue vipya, mama?" Ndivyo alivyomwita bintiye, mama.

"Sitaki vipya. Vipeleke kwa yule fundi wa kona, ashone hapa palipoachia, avipanguse, basi. Asiguse kingine."

"Asiguse kingine," Msasa akarudia, huku anafunika.

"Na Jumamosi utanishika mkono pale mlangoni tuingie wote. Nikiwa na hivi miguuni, nitakuwa nimeingia nanyi nyote wawili."

Tangu msiba hakuna aliyewahi kumwomba Msasa aingie mahali na mtu. Wengi walimwomba atoke.

Fundi viatu wa kona aliitwa Mate, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Uzi aliulowesha mdomoni. Kisu alikitemea kabla ya kukinoa. Kiatu kikikataa kung'aa, Mate alikusanya kitu kutoka chini kabisa ya kifua, kwa sauti ya bomba la sinki lililoziba, akakitua juu ya ngozi, akasugua. Na kiatu kilikuwa kinang'aa, hilo tusimnyime. Ila kutazama kulihitaji roho ngumu.

Msasa alisimama mbali, boksi kwapani, kola ya shati imefunika pua.

"Karibu, fundi mwenzangu!" Mate akachangamka. "Njoo uone watu wanavyoniletea uchafu. Hebu ona hiki." Akanyanyua kiatu cha kike chekundu kilichopasukapasuka kama tope la kiangazi. "Kapaka rangi ya kucha! Kiatu kizima! Chupa ngapi zile? Na hii raba, kaichemsha, halafu kaianika juu ya jiko. Soli imejikunja kama ulimi wa ng'ombe wa buchani. Sasa ngoja, tamu hujaiona." Akatoa kiatu cha kiume, akakitikisa mbele ya pua ya Msasa. "Huyu bwana soli imefunguka, kaimwagia ile gundi ya kushika papo hapo, kisha hakungoja, kavaa. Soksi imo humo humo. Na nadhani na kipande cha kisigino chake."

Msasa akageukia ukuta.

"Watu wanaona kiatu wanadhani cha kupakapaka," Mate akaendelea, huku analamba kidole gumba. "Kiatu kinatembea, bwana. Kinakunjwa kila hatua. Haya, lete nione hivyo." Boksi likafunguliwa, na kile kidole kilicholowa kikawa kinashuka kuelekea kiatu cha marehemu.

"Usiguse!"

"Nisipogusa nitashona na nini, na dua?"

"Mate yako kwenye kiatu cha mke wangu?"

Mate akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake tukipite tu. "We Msasa! Hivi nimevitengeneza kisigino mimi mwenyewe. Mama watoto wako alikaa hapo hapo kwenye kigoda. Nikatema, akacheka, akasema, 'Ongeza fundi, upande wa kushoto hujafika.'"

Hakika, Msasa angepigwa kofi asingeumia vile. Kwamba mate ya mtu huyu yalishatangulia kwenye viatu vile! Kwamba mkewe alirudi navyo nyumbani, akavivua kitandani, na yeye akavipanga kwa mikono yake! Akanyakua boksi, akaondoka bila kuaga, na njia nzima akafuta mikono kwenye suruali.

"Mimi ni fundi rangi," alijiambia. "Nimepaka milango ya zahanati, nimepaka ofisi za wakubwa. Nitashindwa na kiatu?"

Na hapa ndipo kosa lilipozaliwa, kosa ambalo mpishi asingelifanya wala dereva asingelifanya. Lilihitaji fundi rangi kamili, mwenye uzoefu. Kwa sababu Msasa alivitazama viatu vile akaona ukuta. Una ufa. Una doa. Una unyevu uliopanda kutoka chini. Na dawa ya ukuta mbovu aliijua akiwa amelala.

Kwanza akakwangua. Akakata msasa wake, ule mkali, akaipiga ngozi mpaka ikatoa unga na manyoya. Kisha akageukia ndani, kwenye unyevu. Ile soli nyeusi yenye vishimo aliitia kisu cha puti kwenye ukingo, ikabanduka kwa sauti ya bandeji inayotoka kwenye kidonda kibichi. Aliishika kwa ncha za kucha, mkono umenyooka mbele, uso ameugeuzia nyuma, akaitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki, na ya pili hivyo hivyo, akafunga fundo, akaenda kutupa kwenye pipa la wapangaji nyuma ya nyumba. Aliporudi akamimina dawa ya chooni ndani ya viatu, ile ya bluu, akaviacha vilewe. Mahali pa zile soli akagundisha vipande vya zulia la plastiki lililobaki zahanati, lenye maua ya kahawia.

Ndipo akapaka puti, ule uji mzito wa kuzibia nyufa za ukuta. Kila mkunjo wa ngozi, puti. Kila kovu, puti. Akasawazisha kwa kidole, akangoja, akapiga msasa laini, akapaka rangi ya kwanza, na juu yake rangi nyeupe ya mafuta, ile ile ya milango. Mkono wa pili wa rangi, mkono wa tatu. Ubavuni palipoachia uzi hapakuhitaji sindano tena, puti iliziba.

Akaviweka dirishani juu ya gazeti vikauke. Nzi akaja, akatua, akanasa. Msasa akamng'oa, lakini mguu wa nzi ukabaki. Akautazama. Mtu huyu, nakwambieni, aliwahi kumwambia mwenye hoteli arudie ukuta mzima kwa sababu ya unywele mmoja wa brashi! Akachovya brashi, akapaka juu ya mguu wa nzi, akasonga mbele.

Kisha akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama afanyavyo kwa kuta, akaona viatu vinawaka. Akavigusa. Vilinata kidogo. "Baridi tu hii," akasema, wakati jasho linamtoka.

Siku iliyotangulia harusi, asubuhi, binti alikuja kuvijaribu, na nyuma yake dada mkubwa wa Msasa, Shangazi, mpiga pasi kwenye dobi kubwa, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupoa. Msasa akaviinua viatu kutoka dirishani. Vilikataa kuachana na gazeti. Akavuta, gazeti likachanika, na kipande chenye tangazo la ng'ombe wa maziwa kikabaki kisiginoni.

Shangazi akavikodolea. "Kaka, hivi ni viatu au sinki?"

"Subiri mwanga uvipige."

"Mwanga umeshavipiga. Ndiyo maana nauliza."

Binti akaketi, akaingiza mguu, akasimama, akapiga hatua moja.

Krak.

Puti ilipasuka kama plasta ya nyumba ya mkandarasi mwizi. Mabonge yakadondoka sakafuni, na ngozi ya rangi iliyokuwa haijakauka ndani ikajivuta baina ya nyufa, laini, yenye makunyanzi, kama utando wa maziwa ya jana. Humo humo ukatokeza mguu wa nzi. Na harufu ikafumka: rangi, gundi, na choo cha stendi kilichooshwa sasa hivi. Binti akajaribu kuvua. Soksi ikabaki ndani, imenata kwenye maua ya kahawia. Shangazi akafunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika, na haikujulikana kama anacheka au anataka kutapika. Yaelekea vyote.

Msasa alipoiona ile kazi kwa karibu, midomo ikapinda yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kinyaa chake kumgeukia yeye.

Lakini binti hakuwa anatazama rangi. Alikuwa ameinamia ndani ya kiatu.

"Baba, ile ya ndani iko wapi?"

"Ipi, mama?"

"Soli ya ndani. Yenye vidole vya mama."

"Ile? Ilikuwa imeoza. Nyeusi, inanuka, ina mashimo..."

"Ndiyo. Mashimo." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hapo ndipo penye hatari. "Lile la kulia la kidole gumba lilikuwa limezama kuliko mengine, kwa sababu mama akisikia ngoma hata akiwa amekaa lazima akanyage, kama yuko kwenye cherehani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naingiza miguu yangu humo napima. Wewe ukinikemea nivue, eti nachezea uchafu. Kila nikikua napima. Vidole vyangu vilikuja kuenea mwaka ule aliofariki."

Shangazi akaacha kutikisika.

"Sikukuomba viwe vyeupe, baba. Nilisema asiguse kingine." Akaviweka viatu chini, vikanata na mkeka. "Kesho utakaa na wageni. Nitaingia na Shangazi."

Hapo ikasikika honi ndefu, ya kukera, kutoka mwanzo wa mtaa: gari la taka.

Msasa hakuvaa hata kandambili. Alipita uani kama mwizi anayefukuzwa, akaruka beseni la nguo za watu, akafika kwenye lile pipa, pipa ambalo tangu ahamie hapo hajawahi kulisogelea bila kuziba pua. Lilikuwa limejaa mpaka linamwagika. Akalishika kwa mikono yote miwili. Akaliinamia. Kisha akazama.

Sasa anayekula asome hapa baadaye. Juu kabisa kulikuwa na matumbo ya samaki ya mpangaji wa chumba cha mwisho, yamelala juani tangu jana yake, na funza wameshakaribishana. Chini yake nepi za mtoto wa jirani, nzito, za moto kwa ndani. Majani ya chai, maganda ya mayai, unga uliooza wenye manyoya ya kijani, na uji fulani usio na mwenyewe uliotiririka mpaka kwenye kwapa lake. Msasa aliwahi kukataa kushika mkono wa daktari! Sasa alikuwa ameingia mpaka begani, shavu limelala juu ya nepi, anapapasa, anatapika pembeni, anarudi.

Wazoa taka wakamzunguka, reki mabegani.

"Mzee, umedondosha dhahabu?"

"Ngojeni."

"Tuna mitaa mingine, baba yetu. Toka tupakie."

"Nimesema ngojeni!" akafoka, na ganda la yai limemnata kwenye paji la uso. "Mke wangu yumo humu!"

Wazoa taka wakatazamana, wakarudi nyuma hatua. Mmoja akavua kofia.

Mfuko aliupata chini kabisa, umetobolewa. Soli ya kulia ilikuwa nzima, imelowa maji ya samaki. Ya kushoto panya alishaionja ukingoni, akaiona haifai, akaiacha. Msasa akazikumbatia kifuani kwenye shati lililokwisha kuwa si shati, akatoka pipani. Watoto wa uani walikimbia. Mpangaji wa chumba cha mwisho alifunga mlango.

Hakuzisugua wala hakuzitia dawa. Alizipangusa kwa kitambaa cha maji, taratibu, akizunguka kila kishimo kama anayemwosha mtoto uso. Shangazi alimtazama pale bombani muda mrefu bila kumtania, na kwa Shangazi hiyo ni hotuba. Kisha akaingia ndani, akafungua begi lake, akatoka na viatu vyeupe alivyojinunulia kwa ajili ya kesho.

"Mguu wake na wangu ni mmoja. Chukua. Mimi nitavaa vya pasaka iliyopita. Na unapopita barabarani, kaka, pita upande upepo unakotokea watu wakimbie mapema."

Mate alimwona kwa mbali na safari hii ni yeye aliyeziba pua.

"Msasa! Umefanyaje? Umezikwa ukakataa?"

Msasa akaweka vitu mbele yake: viatu vya Shangazi, zile soli mbili, na vile viatu vya puti. Mate akavishika hivi vya mwisho, akavigeuza, akabonyeza rangi kwa kucha ikaacha shimo. Alikwisha kuona rangi ya kucha na soksi ya gundi, lakini hapa aliweka kisu chini. Halafu akaliona zulia la maua.

"Puti," akasema kwa heshima. "Hii sijawahi kuletewa. Hapana, hivi vimekwenda, ndugu yangu. Hata nikitema bahari."

"Hivyo niachie. Hizi soli zihamishie humu."

Mate akazipima, akapunguza kidogo ukingo ule ulioonjwa na panya, akatia gundi yake, akashika kigae cha kulainishia. Akanyoosha mkono kwenye kopo la maji.

"Leo natumia maji," akasema. "Naona unavyonitazama."

Msasa alikuwa anayatazama yale maji. Juu yake yalikuwa yanaelea mabaki ya kitu. Akaangalia kigoda kilicho kando ya fundi, kile ambacho mkewe alikalia, akajivuta, akakikalia.

"Tema," akasema.

"Nini?"

"Tema bwana, kama ulivyomfanyia yeye." Akameza, uso umekuwa wa kijivu. "Na upande wa kushoto ufike."

Mate akakusanya kutoka chini ya kifua. Bomba likafunguka. Msasa hakufumba macho, lakini alikishika kigoda kwa nguvu kama mtu anayeng'olewa jino.

Alipomkabidhi bintiye, binti hakuuliza lolote. Aliingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia, akakitafuta kile kishimo cha kidole gumba, akakipata. Akakaa hivyo. Kisha akanusa.

"Kinanuka pipa."

"Kinanuka, mama."

"Na wewe unanuka pipa." Akafuta macho kwa mkono mwingine. "Nenda kaoge, baba. Oga sana. Siwezi kuingia nimeshikwa mkono na jalala."

Msasa alioga mpaka wapangaji wakalalamika maji. Jumamosi akasimama mlangoni pa ukumbi, amenyoosha mkono, na rangi nyeupe bado iko chini ya kucha zake. Binti akaushika. Walipoanza kutembea tu, macho ya mzee yakapanda ukutani, yakaona michirizi juu ya madirisha, na midomo ikaanza kupinda.

"Baba," binti akanong'ona, akamfinya. "Leo hapana."

Na baadaye, ngoma ilipopigwa, bibi harusi akiwa amekaa kwa adabu zote, mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga chini ya meza, taratibu, kama uko kwenye cherehani. Msasa aliuangalia mguu ule mpaka chakula chake kikapoa. Mjomba wa bwana harusi akapiga chafya upande wake. Msasa akainua kijiko, akakitazama kwa chuki kubwa, akala.

Vile viatu vya puti viko dirishani kwake mpaka leo. Amekataa kuvitupa, kwa kuwa hamu ya kutupa vitu imemtoka. Wala havijakauka. Nzi wa mtaa mzima wamemalizikia pale, mbawa zimesimama juu ya rangi kama nywele, na kila jua likipiga kinachuruzika kitu cha manjano. Kila asubuhi Msasa akipita na kikombe chake husimama hapo, midomo inapinda, anatikisa kichwa.

"Aliyepaka hapa," husema, "alitumia brashi au mkia wa punda?"